Kuku wa Krismasi

Jumatatu, 22 Desemba

Bajia kwanza. Za Bwana Jivani huzikaanga kabla ya zote, katika karai yake peke yake, mafuta mapya, ndipo nianze sambusa za nyama za kuuza. Mzee wa Kihindu yule, nyama hali, yai hali. Tangu afiwe na mkewe anakula kutoka mkononi mwangu, na kila Diwali huniletea mithai hadi meno yakauma. Mtaa mzima wanisifu kwa ujirani. Nami nasifika. Sioni vibaya.

Jumatano, 24 Desemba

Mwalimu Mwende, mpangaji wa nyumba ya pili, haendi kwao Machakos mwaka huu. Mama yake alifariki Agosti, hataki kuiona nyumba. Ameniambia kesho nisipike, ataniletea Krismasi. Miaka mitatu sasa anakula Idi kwangu. Maulidi nilimwazima mtandio tukaenda kutazama maandamano ya zefe pamoja, nikamtambulisha kwa kila mtu kuwa ni mdogo wangu. Nimemjibu inshallah. Kuku wao huchinjwa na nani? Ningemuuliza pale pale. Sikumuuliza.

Alhamisi, 25 Desemba

Kaja baada ya adhuhuri, gauni jipya, sahani kaifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Pilau na kuku mzima. Nimempokea, nimemwombea dua ndefu, nimembusu mashavu. Nikafunga mlango.

Nikaenda uani nikawamwagia paka. Chote.

Nilijiambia kuuliza ni kumtukana, bora nimfichie. Uongo mtupu. Sikutaka kuonekana mtu wa shaka, mimi niliyezoea kusifiwa. Nilipoinua kichwa alikuwa juu ya paa lake, anaanua nguo. Alikuwa ameona. Akaanua mpaka ya mwisho, akaingia ndani.

Ijumaa, 26 Desemba

Sikulala. Sijatoka. Paka wamerudi wanalia mlangoni, wanataka tena. Nimewafukuza kwa fagio, utadhani kosa ni lao.

Jumamosi, 27 Desemba

Kaka yangu Athmani kaja kunywa chai. Kaniuliza kuku wa mwalimu alikuwaje. Nikasema mtamu. Akacheka, akasema ataachaje kuwa mtamu, na mwalimu alivyomhangaisha. Mwalimu alimpelekea Athmani kuku yu hai, akasimama pale mpaka akachinjwa. Sufuria kanunua mpya dukani kwa Bwana Jivani, isiyopata kuonja nyama nyingine.

"Nimemtinda mimi, kwa mkono wangu," akasema. "Alinambia, dada yako asile na wasiwasi."

Chai ikanishinda. Nimesingizia kuumwa na kichwa. Nimempa sahani amrudishie mwalimu, nimeijaza mahamri, maana mimi uso wa kupanda kule sina. Ndugu yangu wa tumbo moja, nimemtwika aibu yangu wala hajui amebeba nini. Mwenye haya ni mimi, anayetumwa ni yeye.

Jumapili, 28 Desemba

Mwende kapita akienda kanisani. Siku zote huniita dirishani, dada, umeamkaje. Leo kasema habari ya asubuhi huku akiangalia mbele, kama anayempita karani wa ofisini. Nimejibu nzuri. Nzuri gani.

Jumatatu, 29 Desemba

Bwana Jivani kala bajia amesimama, kama kawaida yake, hata hakuzitazama. Nimemuuliza anajuaje kuwa sichanganyi mafuta. Swali la kipumbavu, limenitoka tu. Akaacha kutafuna.

"Si wewe umekaanga, Bi Khadija?" akasema. "Nijue nini tena?"

Akaendelea kula. Mimi nimetembea njia kuu ya Usita wa Mui yote nalia, na leo nimeishukuru nikabu. Mzee yule angeweza kuuliza kila asubuhi, na haki angekuwa nayo. Mimi nililetewa mara moja tu, nikashindwa.

Jumanne, 30 Desemba

Nimefika mpaka ngazi ya tatu ya nyumba yake. Nimerudi. Mwoga.

Jumatano, 31 Desemba

Nimepanda baada ya alasiri. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga tangu alfajiri. Yote yamepotea mlangoni. Nimesema tu kwamba nilikimwaga chakula chake, na kwamba Athmani ameniambia kuhusu yule kuku. Mwende alikuwa anasahihisha madaftari. Hakuinuka.

"Hata kama hangechinjwa na Athmani," akasema. "Ungeniuliza tu, Bi Khadija. Ningekwambia."

Bi Khadija. Si dada.

Nikamwambia nina njaa, anipe chochote alicho nacho. Alifunga daftari, nikadhani atanifukuza, na angekuwa amefanya sawa. Kisha akaenda jikoni. Ugali na sukuma, chumvi imezidi. Yeye hakula. Alikaa kitandani, mikono mapajani, akalitazama kila tonge linavyoingia kinywani mwangu. Nimekula mbele za watu maisha yangu yote, harusini, matangani, lakini sijapata kula nikitazamwa hivyo. Nilikula chote. Nikaomba niongezwe.

Akaniongeza, kidogo.

Hatukusema mengi tena. Kasema shule zinafunguliwa wiki ijayo. Nimesema kweli, siku zinakimbia. Nilipoaga hakunisindikiza. Lakini ngazi zile ni za giza hata mchana, na taa aliiwasha, akaiacha ikiwaka mpaka nikafika chini.