Harub Amehama

Mize, uko wapi? Nimo garini, nje kwa mama, huku mtaa wa Mawaleh.

Si unaujua ule mchezo wa simu niliokuwa nikicheza na kaka yangu Harub? Yeye mnyonya damu, kajificha mjini, mimi namuwinda simuoni. Kila mtu anacheza zamu yake akipata nafasi. Tangu alipokufa sikuthubutu kuufuta.

Leo baada ya adhuhuri, niko kazini, simu ikalia: "Harub amehama. Zamu yako."

Harub amehama! Niliyemlilia miezi miwili!

Nikajua simu yake imeibiwa. Nimekuja mbio, namkuta mkewe Hind kakaa na eda yake, simu ya marehemu mkononi. Nikamvaa: "Huna haya? Unachezea jina la mumeo?" Mbele ya mama, Mize! Mjane wa watu nimempigia kelele!

Wala hakujibu kwa hasira. Kasema, "Wifi, mchezo unamsubiri mtu siku sitini tu. Leo ndiyo ya sitini. Asingecheza, ungejifunga, na jina lake lingetoka."

Kanigeuzia simu nione. Ndipo nilipomuona alipojificha, nyumba moja tu kutoka kwa mwindaji wangu. Nikimkamata, mchezo umekwisha.

Nimerudi garini, nikacheza zamu yangu: nikampeleka mwindaji bandarini, mbali naye kabisa. Sijawahi kucheza ovyo hivi.

Sasa simu imeandika: "Msubiri Harub."