Giaboksi ya Mama na Mguu wa Wifi

Nyumbani,
Chumba cha uani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako. Hujambo huko? Na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi, kimetulia? Huku sote wazima. Goti la Baba humuuma asubuhi, likipata jua linamwachia. Mama naye mzima, ila sauti imemkauka kwa kufundisha.

Nakuandikia kuhusu gari la Mama la kufundishia udereva, kwa sababu uliyoyasikia kwenye simu yalikuwa nusu.

Unajua mkeo alikuwa akijifunza kwa Mama. Gia ya pili ikaanza kumgomea. Kila akiiingiza, chuma kinalia mpaka wapita njia wanageuka. Mama akamwambia mbele ya wanafunzi wengine, "Mwanangu, hiyo ni gia, si mchi. Unatwanga nini?" Watu wakacheka. Mama akamshusha, akasema hatashika tena usukani wake. Juma lililofuata wifi akafunga begi, akaenda kwao. Nawe ukatuma ujumbe wa sauti kwamba asiyetaka kuelekezwa aachwe akae hukohuko. Niliusikia, maana Mama aliufungulia sauti.

Basi wifi akaondoka, gia haikuacha kulia. Ililia kwa wanafunzi wote, na mwisho ikamlilia Mama mwenyewe kwenye kile kilima cha kuelekea sokoni. Gari likarudi nyuma, na nyuma kuna lori. Alishuka ameloa jasho.

Tukalipeleka kwa Fundi Taratibu, yule anayefungua nati kama anamvua bibi harusi viatu. Akaimwaga oili ya giaboksi kwenye beseni, akaisogeza juani. Ilikuwa inametameta rangi ya njano.

"Mama, hii oili uliitia lini?"

"Mwaka jana. Ni ile mpya, yenye namba kubwa kwenye kopo. Watengenezaji wenyewe walisema inafaa."

"Walisema, kisha wakabadilisha. Kwa gari la umri huu wamerudia ile ya zamani." Akatuonyesha tangazo lao kwenye simu. "Dawa iliyomo humu inalinda meno ya chuma, lakini inakula ringi za shaba zinazoifanya gia iingie kwa ulaini. Hicho kinachong'aa ni unga wa ringi zako."

Mama akauliza kama mguu mbaya wa mwanafunzi ungeweza kuleta hayo.

"Mguu mbaya unamaliza klachi," fundi akasema. "Na klachi yako nzima."

Baba, ambaye kwake oili ni oili, anasema watengenezaji siku hizi ni vinyonga. Hata oili ya injini nayo wanataka iwe nyepesi zaidi. Hiyo fundi hajaigusa, anasema kwanza aulize kama injini kuukuu itaivumilia.

Gari lilipotoka gereji, na ringi mpya na oili ya zamani, Mama akanipitia, akaniambia nipande nyuma. Tukaenda moja kwa moja kwa wakwe zako. Mama mkwe wako alitupokea vizuri. Chai ikaletwa, haikunyweka. Mwishowe Mama akasema, macho yakiwa kwenye kikombe:

"Mwanangu, gia ile ilikuwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyeinywesha sumu, nikakusingizia wewe. Nisamehe."

Mama yetu huyuhuyu, Kaka. Wewe umewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake? Mimi ilikuwa mara ya kwanza.

Wifi akasogeza kikombe chake pembeni. Kisha akauliza, "Na wale waliocheka?"

"Kesho watakuwepo," Mama akasema. "Nitalirudia mbele yao."

Na akalirudia. Hakuna aliyecheka.

Tangu hapo wifi anakuja darasani kila asubuhi, na gia ya pili inaingia bila kelele. Ila jioni anarudi kulala kwao. Nilimuuliza atarudi nyumbani lini. Akanijibu kwamba Mama ameshamaliza la kwake, sasa anamsubiri mwingine aliyesema.

Mimi sina la kuongeza.

Wasalimie wenzako mnaokaa chumba kimoja, na yule mpishi anayekuachia chakula. Baba anakusalimu, Mama anakusalimu, na bibi anauliza kama huko unakula ukashiba. Mungu akulinde uendako na utokako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unapokosea.