Jivu la Mboga Ndani ya Zege

Jumatano, Songea. Manyunyu tangu alfajiri.

Pozolana ni unga ambao peke yake haugandi, lakini ukikutana na maji na chokaa itokayo kwenye saruji, hushikamana nayo na kuliongezea zege nguvu. Si kila jivu ni pozolana. Pumba za mpunga, ambazo mashine binafsi za kukoboa zimezirundika kila kona tangu biashara ya nafaka iachiwe huru, hutoa pozolana njema iwapo zitachomwa kwa joto lililodhibitiwa, jivu lake likasagwa na kuchekechwa, kisha likashika nafasi ya sehemu ndogo tu ya saruji.

Hayo ndiyo niliyomweleza mkandarasi wa zahanati ya Matogoro, ambayo mimi, mwalimu wa ufundi, nimepewa kazi ya kuikagua. Alichokichukua ni neno moja: jivu.

Akazitaka kaya zichangie debe moja moja la jivu, lichanganywe na saruji. Watu, kwa ukarimu wao, wakaleta jivu bora wanalolijua: la maganda ya maharage, lile la kuchujia magadi ya kupikia mboga. Ukali uleule unaolainisha kisamvu ndio unaoliharibu zege.

Leo nimeikwangua linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kwa ufunguo. Imemomonyoka kama kiporo cha ugali.

Bibi mmoja alikuwa akimimina maji kwenye pipa la ujenzi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Jivu langu umeliona? Nimechoma mwenyewe. Lile halina mchezo!"

Nikauficha ufunguo mfukoni.

Mkandarasi akacheka. "Mwalimu, jivu ni jivu. Au la wasomi lina rangi yake?"

Nikamuuliza kama nyumba anayojijengea ameitia jivu hilo.

"Kwangu? Mwalimu, mimi nina watoto wadogo."

Alilisema hilo bila kupepesa macho, akiwa amesimama katika chumba ambamo wanawake watajifungulia.

Kinyaa.

Jumamosi wanataka kupandisha paa. Kesho nitaagiza linta ibomolewe, mbele ya walewale waliobeba mchanga na maji vichwani. Katika hilo sina shaka.

Shaka yangu ni maneno nitakayoyatumia. Nikisema jivu ndilo lililoharibu, nani katika mji huu atalikubali tena hata lile lililo sahihi? Na nikimtaja mkandarasi peke yake, nani atamzuia yule bibi asilete debe lingine?