Ndege ya Verlyn Haikukata Kona

Urbana, Illinois,
14 Novemba 1974.

Mpendwa Dada Ardith,

Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani. Mguu wako unaendeleaje, na theluji ya Alaska imeshafunga barabara? Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma.

Tulimzika kaka yetu Verlyn Jumatatu. Usijilaumu kwa kukosa kufika. Akina mama wa kanisani wameleta nyama ya nguruwe hadi friji haifungi, lakini Mama hali kitu.

Dada, kuna jambo linanila. Unaujua ule mchezo wetu wa ndege za kivita, ambao ulikuwa ukitucheka kwa ajili yake, ukisema watu wazima tunapigana kwenye kompyuta. Mimi hukaa kwenye chuo cha hapa, yeye chuoni kwake, maili themanini kutoka hapa, kila mmoja na kioo chake cha kompyuta, mashine zimeunganishwa kwa waya wa simu, na anga ni moja. Simuoni; naona kidoa tu, na maneno anayoniandikia chini ya kioo.

Na maneno alikuwa nayo! Alhamisi ile mchana alinianza: "Leo utalia, bwana mdogo. Kamwombe Mama leso." Nikamjibu, "Wee mzee, miwani umevaa lakini?"

Hila yake unaijua tangu utotoni: akizidiwa, husema ngoja. Mwaka mzima alinifanyia hivyo. Nikimngoja, anazunguka nyuma yangu na kunitungua. Nikaapa sitadanganyika tena.

Basi akaandika, "Ngoja kidogo, Lowell." Ndege yake ikaenda moja kwa moja, haikati kona. Nikacheka. Nikaandika, "Umesinzia, babu?" nikamtungua. Hakujibu. Nikadhani amenuna, nikaenda kunywa kahawa.

Mfagizi alimkuta saa nzima baadaye, kichwa kikiwa mezani. Daktari anasema ni moyo, na kwamba angewahiwa huenda angepona. Simu ilikuwa karibu na mkono wangu.

Mama anauliza kila asubuhi Verlyn alisema nini mwisho, maana eti nilikuwa naye. Nilimdanganya kwamba alimsalimu. Sasa anataka Jumapili ya tarehe 24 nimpeleke akakione hicho kioo. Mashine ile huandika nani kamtungua nani, na Mama anajua kusoma.

Nilikusudia kukuomba ushauri, ila jibu lako halitawahi. Nitamwambia mwenyewe kabla ya Jumapili. Nitaanza na maneno yake: aliniomba ningoje.

Msalimie shemeji Orrin na wanao. Mungu awalinde na baridi, na simu ikilia Jumapili, tafadhali ipokee.

Mdogo wako akupendaye,
Lowell