Sema Ile Yetu

Kwako mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu na za nyumba yangu yote. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, wewe na shemeji yangu na watoto, na ule mgongo kama bado unakusumbua basi usikusumbue sana. Mimi ni mzima. Meno yamepungua lakini mkono haujapungua, nyundo bado naishika. Juzi tu alikuja mtu na kochi nililomtengenezea baba yake, springi bado zinaruka, anataka nimbadilishie kitambaa tu. Nikamwambia azunguke mji mzima atafute kochi la fundi mwingine lenye umri ule, akilipata aje anikalishe juu yake niseme nimeshindwa. Mpaka leo yuko kimya.

Mwandiko usiucheke. Najua wewe ulifika mbali shuleni kuliko mimi, lakini mimi kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwenye maboksi ya misumari na makopo ya gundi, na hakuna aliyenishika mkono. Ningeweza kumwambia binti yangu aniandikie, yeye anaandika bila hata kutazama karatasi. Lakini haya ninayotaka kukuambia hayaandikwi na mtoto juu ya mama yake. Na simu siitaki. Masikio yangu siku hizi yanataka kupigiwa kelele, na kuta za nyumba hii ni nyembamba.

Sasa nikupe habari ya shemeji yako.

Ulisikia anaumwa. Uliambiwa ni presha, maana ndivyo nilivyowaambia watu. Siyo presha, ni kusahau. Alianza na vitu vidogo, sufuria anaiweka kabatini na nguo, chumvi anaitia mara mbili. Mimi nikawa namgombeza, nikidhani ni uzembe. Kisha akasahau njia ya sokoni, akasahau majirani, mwisho akamsahau binti. Binti alilia sana. Nikamwambia anyamaze, mimi mumewe ananijua na atanijua mpaka mwisho. Basi wiki haikuisha, asubuhi moja navaa viatu, shemeji yako akanitazama vizuri, akanikaribisha kwa adabu, akaniuliza kama nimekuja kuchukua viti vyangu.

Hilo ningelivumilia. Kubwa zaidi ni kula. Hali chochote. Unampelekea kijiko, anafunga mdomo na kugeukia ukutani. Daktari alisema mwili hauna ugonjwa, ila asipokula ataisha mbele ya macho yetu. Binti alibembeleza, mimi nilibembeleza, mimi nilifoka pia, unanijua. Gauni zake zote sasa zinamning'inia kama zimetundikwa kwenye kamba.

Ndipo binti akaleta habari ya nyimbo. Aliambiwa kazini kwake kwamba wagonjwa wa namna hii nyimbo za zamani huwarudisha. Akaniuliza mama alipenda wimbo gani. Nikamwambia hilo siyo swali, wimbo wetu unajulikana. Ule wa kuulizana, mwanamke anauliza na mwanamume anajibu, uliokuwa ukipigwa redioni alasiri kwenye kipindi cha salamu. Akauchokonoa kwenye simu yake mpaka akaupata.

Chiriku, lile gitaa la mwanzo lilipolia tu, mimi mwenyewe nilisikia harufu ya gundi. Nimekaa sebuleni kwangu, kopo la gundi halipo hata karibu, lakini pua imejaa gundi mpaka macho yananiwasha. Nikaiona karakana yote. Redio inaning'inia kwenye msumari juu ya dirisha. Shemeji yako yuko kwenye cherehani pale pembeni, ameinamisha shingo, kipande cha uzi mweupe kimemkaa kwenye nywele na hajui. Wewe unashindilia sponji kwenye mito. Na mimi nimepiga magoti mbele ya kochi, mdomo umejaa misumari. Unakumbuka kazi yangu. Vile vimisumari vidogo navitia mdomoni vyote kwa mpigo, natoa kimoja kimoja kwa ulimi, nyundo haisubiri. Wengine waliniiga wakavimeza. Mimi sijameza hata kimoja maisha yangu yote.

Ila mtu mwenye misumari mdomoni haimbi, anaguna tu. Kwa hiyo wimbo ukija, shemeji yako anaimba ya mwanamke, wewe unaimba ya mwanamume, mimi naguna gitaa. Wateja walikuwa wakisimama mlangoni kusikiliza, nami nawaonyesha kwa nyundo kwamba yule pale ni mke wangu, na ananiimbia mimi. Wewe nilikuhesabu kama spika. Sauti ilikuwa yako kwa sababu mdomo wangu ulikuwa na kazi.

Basi siku ile ya simu ya binti, sauti ya mwanamke ilipoingia, shemeji yako aligeuka kutoka ukutani akaimba. Mtu asiyejua hata alikozaliwa aliutoa wimbo wote bila kukwama. Sauti imechakaa lakini ni ileile. Binti akajiziba mdomo. Mimi kifua kikanivimba, nikamwambia binti, unaona sasa, ananiimbia mimi.

Shemeji yako akanitazama usoni, akatabasamu, akaniita Chiriku.

Binti alifurahi. Alisema mama amemkumbuka baba mdogo, na si ajabu, kwa kuwa tumefanana. Nikasema ndiyo, pua hii tumeigawana kutoka kwa baba. Nikajipa moyo kwamba mgonjwa huchanganya. Nikachukua bakuli la uji nikamlisha, akala nusu nzima. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilimwona akimeza bila kulazimishwa. Unadhani ningebishana naye juu ya jina?

Tangu hapo uji haukwenda bila wimbo. Binti akienda kazini ananiachia simu, napiga wimbo, namlisha. Kumbe simu nayo inataka kula. Siku moja ikazimika katikati. Shemeji yako hakujali, aliendelea peke yake mpaka akafika kwenye lile swali la mwanamke, nikiondoka leo utabaki na nani. Hapo akanyamaza, akanitazama. Anangoja ajibiwe. Mimi nikaguna. Akangoja tena. Nikaguna tena kwa nguvu zaidi. Akafunga mdomo, uji ukarudi jikoni.

Nikaona aibu kwamba wimbo wangu mwenyewe siujui maneno. Nikamwambia binti anipigie sehemu ya mwanamume, tena na tena, nikaandika kwenye kipande cha boksi, nikakariri kama mtoto anayengoja kuchapwa. Yule mwimbaji anajibu hivi: Nitabaki na picha yako ukutani, niisalimie asubuhi na jioni. Kesho yake shemeji yako alipouliza, nilijibu. Sauti yangu unaijua, lakini maneno niliyapatia yote.

Akakunja uso. Akasema siyo picha. Akanishika kiganja, akanivuta karibu, akaniambia taratibu, Chiriku, sema ile yetu.

Nikamuuliza ile ipi. Akasema nisimtanie, ile ninayomwimbia redio ikizimwa.

Mdogo wangu, mimi masikio yangu yalikuwa mazuri zamani. Nilikusikia ukiimba siku zote ulizofanya kazi kwangu, na siku zote uliimba picha ukutani, kama redio inavyotaka. Hakuna jibu jingine nililowahi kulisikia kutoka kinywani mwako. Kwa hiyo hilo jingine uliliimba mahali nisipokuwepo, kwa mtu mmoja, na mtu huyo amesahau nyumba yake na mtoto wake lakini hilo hajalisahau.

Nilijaribu kubahatisha. Nikaimba kwamba nitabaki na cherehani yako. Akatikisa kichwa. Nikaimba kwamba nitabaki na jina lako. Akatikisa. Hasira zikanipanda, nikaimba kwamba nitabaki na nyundo yangu. Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi sikumbuki ni lini nimewahi kumchekesha hivyo. Akasema hilo ni jibu la Fundi, Fundi ndiye mtu wa nyundo. Halafu akanisogelea sikioni, akashusha sauti, akautupia macho mlango, akaniuliza Fundi yuko wapi, asije akatukuta.

Fundi. Maisha yetu yote ameniita Fundi, kama mteja anavyoniita. Hata siku binti alipozaliwa, aliniambia Fundi, ni mtoto wa kike. Mimi nikiona ni heshima.

Sasa nakuambia nilichomjibu, na ni wewe tu utakayekijua. Nilimwambia Fundi amekwenda kununua misumari. Nikaongeza kwamba atachelewa. Akala uji wote, akataka na mwingine.

Unajua kwa nini niliitaja misumari. Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda mwenyewe mpaka ng'ambo ya mji, nachambua boksi kwa boksi, sikumwamini mtu kunichagulia msumari. Nilikuwa nikirudi nawakuta mmenyamaza, redio imezimwa, kila mtu na kazi yake. Nilikuwa nawasifu. Niliwaambia mafundi wenzangu kwamba karakana yangu hata nisipokuwepo watu wanachapa kazi.

Tangu siku hiyo nikiusikia wimbo bado naiona karakana ileile, na gundi naisikia vilevile. Ila zamani nilikuwa nikiitazama kutoka pale nilipopiga magoti, macho kwenye msumari. Sasa nainua kichwa. Nakuona unaposhindilia sponji umegeukia cherehani, na hakukuwa na sababu ya kugeukia huko, meza ya kazi ilikuwa upande wa pili. Na ule uzi kwenye nywele nauona unaondolewa, na mkono unaouondoa siyo wangu, mimi mikono yangu ilikuwa na gundi.

Na habari ya kuondoka kwako. Mimi nimewaambia watu wote kwamba nilikufukuza kwa kukata ngozi ya kochi la mteja ikapinda. Nimelisema harusini, nimelisema msibani kwa mama, wewe ukiwa umekaa palepale unatazama vidole vyako. Siku ile ulibeba mkoba wako bila kubisha hata neno, nami nikajiona mwanamume. Leo najua kwamba mkoba ulikuwa umeshafungwa kabla sijafungua mdomo. Wewe mkono wako haukuwahi kupindisha ngozi. Ulitaka ufukuzwe, na mimi nikakufanyia hiyo kazi bure, na kujisifu juu yake. Jioni ile shemeji yako alivunja sindano mbili za cherehani, nikamgombeza kwa kuharibu sindano. Baada ya hapo wimbo ukija anainuka kuzima redio, anasema kichwa kinamuuma. Nikamnunulia dawa ya kichwa.

Sasa nifike kwenye shida iliyonifanya nikuandikie. Maneno ya misumari hayafanyi kazi tena. Haulizi Fundi yuko wapi, anataka jibu lake tu, asipolipata anafunga mdomo. Simu akiisikia anaiziba kwa kiganja, anasema izimeni tuimbe wenyewe. Jana hakula, na leo nimeshajaribu mara mbili.

Binti anataka akupigie akuombe uje, anasema sauti yako itamfurahisha mama. Usije. Mwambie mgongo umekubana, mwambie lolote. Usidhani sijalifikiria. Najua akikuona wewe pengine atakula na sahani yenyewe. Lakini nyumba hii nimeijenga mimi, na huyu ni mke wangu, hata kama kwa sasa mwenyewe hana habari, na kijiko nitakishika mimi. Ukiingia kwa mlango huu ataniona mimi niliyesimama nyuma yako na atauliza tena kama nimekuja kuchukua viti. Hilo sitaliweza mbele yako. Mbele ya mtu mwingine yeyote ningeliweza.

Ninachotaka ni ule mstari. Niandikie jibu lile, lote, kwa herufi kubwa, maana miwani yangu siyo mizuri. Usiweke kitu kingine kwenye karatasi. Sitaki uniombe radhi, sitaki unisimulie ilianza vipi na ilifika wapi, na usinipe pole. Wewe andika maneno kama ulivyokuwa ukimwimbia, na pale ulipokuwa ukishusha sauti unipigie mstari chini, kwa sababu sauti yangu mimi ni ya mtu aliyezoea nyundo, nisije nikamshtua. Kama kuna mahali ulikuwa unamshika mkono, hapo unaweza kupaacha, nitaona mwenyewe.

Dereva aliyekuletea barua hii anageuza kesho asubuhi. Mpe jibu mkononi, usimwachie mtoto.

Nisalimie sana shemeji yangu, na usimsomee haya, yeye hana kosa. Wasalimie watoto, waambie baba yao mkubwa bado anatengeneza makochi mawili kwa wiki. Binti angekusalimu lakini hajui kama nimekuandikia. Mke wangu hakusalimu, au anakusalimu kila siku, sijui niseme lipi. Kalamu naiweka chini hapa, anaanza kuimba tena huko chumbani.

Ni mimi kaka yako,

Fundi