Bustani Juu ya Jiko

Nyacheki, Kisii

Dada Mwanaisha,

Hujambo na watoto? Mimi mzima, ila baridi ya huku yataka blanketi mbili. Nimefikia kwa mama yake Kerubo, yule niliyesoma naye ualimu. Jiko lao wamelichimbia ubavuni mwa kilima, hata kwa nyuma paa la nyasi linagusa ardhi, na juu yake mama amepanda maboga na mnavu. Kuku nao hutaga humo humo.

Jana mume wa Kerubo alikuja na mabati mapya, zawadi ya kuezekea jiko. Mama alikuwa nyuma ya paa akichuma mboga, gauni kalikunja magotini kwa ajili ya umande. Huku ni aibu kubwa mkweo kukuona hivyo, basi akachutama ndani ya majani ya maboga, kimya. Mkwe, bila kujua, akaanza kutueleza atakavyoziondoa nyasi zote siku ile ile.

Sauti ikatoka kwenye paa: "Kerubo, mwambie baba watoto mabati ni mazuri sana. Aezeke choo."

Maskini, aliigeukia migomba akajibu kwa adabu zote, "Mwambie mama nimesikia." Hakugeuka tena mpaka alipoitwa kula, na mnavu ule akaongezwa mara mbili.

Leo choo kinang'aa kuliko ofisi ya chifu.

Nimewakumbuka sana, nibusie wanangu. Na mwambie Baba asiguse makuti ya jiko letu. Nakuja na mbegu.

Nduguyo,
Zuhura