Moshi wa Vibuyu vya Akko

Jumatatu, 7 Julai
Pumzi ishirini na mbili kwa dakika. Nimehesabu kwa saa ya Baba kabla ya kwenda shule, Mama akijifanya hanioni. Wiki iliyopita zilikuwa kumi na nane. Ana pumu tangu utotoni, na sasa mimba ina miezi saba. Muuguzi wa kliniki alinieleza: mtoto hupata hewa kupitia kwa mama yake. Upepo wa Julai ni vumbi tupu. Baba yuko malishoni na ng'ombe. Kesho Akko, bibi yangu mzaa baba, anafika kutoka Korbesa kumngoja mtoto.

Jumatano, 9 Julai
Akko amekuja na vibuyu vinne. Asubuhi alivifukiza. Anaingiza kijinga cha moto ndani, anatikisa, anafunika. Maziwa yakiwekwa humo hukaa siku nyingi na hunukia. Ni heshima anayomfanyia mkaza mwanawe. Lakini jiko letu na chumba cha Mama vimetengwa na pazia tu. Mama alikohoa ndani ya leso, akasema ni vumbi. Nilikunywa maziwa yale, yalikuwa matamu. Naona aibu.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeikuta inhela ya kahawia, ya kuvutia dawa ya pumu, ndani ya mkebe wa majani chai. Hiyo ndiyo ya kila siku, asubuhi na jioni, ya kuzuia kifua kisibane. Ya buluu ni ya wakati wa kubanwa. Mama hajaigusa ya kahawia tangu aliposikia Akko anakuja.
"Miaka kumi na tano nimemficha," alisema. "Akijua, atasema mwanawe alioa mgonjwa. Na hizi dawa, nani anajua zinamfanya nini mtoto?"
Nilimkumbusha maneno ya kliniki: dawa haimdhuru mtoto, kubanwa ndiko kunakomdhuru. Aliniapisha nisimwambie Akko. Nikaapa. Sikupaswa.

Ijumaa, 11 Julai
Ishirini na sita. Sikuelewa chochote darasani.

Jumamosi, 12 Julai
Niko hospitalini. Mwandiko mbaya, naandikia gotini.
Asubuhi Akko alifukiza vibuyu vyote vinne pamoja. Mama alitoka nyuma ya pazia akishika ukuta. Mabega juu. Hakuweza kumaliza hata neno moja. Midomo rangi ya majivu. Nilimketisha wima. Nilichukua ile chupa ya soda tuliyofundishwa kutoboa kliniki, nikachomeka inhela ya buluu kwenye tundu, Mama akavuta dawa kwa mdomo wa chupa. Mpulizo mmoja, pumzi tano. Tena. Tena. Akko alisimama na kijinga mkononi, bado kinatoa moshi.
"Akko, toa huo moto nje."
Sijawahi kumwamuru mtu mzima. Aliutoa. Jirani akatuleta kwa tuktuk yake. Mama amewekewa oksijeni. Naogopa. Nitawapoteza wawili, na mimi ndiye niliyejua.

Jumapili, 13 Julai
Moyo wa mtoto unasikika. Unakwenda mbio, lakini muuguzi anasema ndivyo inavyotakiwa. Mama anamaliza sentensi.
Nilivunja kiapo. Nilimweleza Akko yote, tukiwa kwenye benchi la nje.
"Siku ya harusi kifua chake kilipiga filimbi," alisema. "Nilisikia. Nikangoja aniambie. Hakuniambia, nikadhani amepona."
Kisha akanigeukia. "Na wewe, umesoma. Mbona ulinyamaza?"


Ijumaa, 18 Julai
Tuko nyumbani tangu jana. Akko anafukiza vibuyu nje ya ua, mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi kwenye miiba. Akimaliza anaoga na kubadilisha nguo ndipo aingie. Inhela ya kahawia ameifunga kwenye pembe ya mtandio wake. Hakuna wa kuificha tena. Asubuhi na jioni anaifungua: "Vuta, binti yangu." Kisha anampa Mama maji asukutue kinywa, kama muuguzi alivyoagiza.
Halafu tunahesabu. Mimi natazama saa, Akko anasogeza tasbihi, mkono mmoja juu ya mgongo wa Mama. Leo yeye alipata kumi na saba. Mimi nilipata kumi na nane.
Hatukubishana.